Moteri ya Kwanza ya Pierrette

Mwaka ambao mradi wa ufundi ulifika Mantapala, vijana wengi wa kambi hiyo ya wakimbizi walikimbilia ushonaji na useremala. Darasa la injini lilibaki na mabenchi matupu, na Pierrette alikuwa msichana pekee aliyekaa humo. Siku ya kwanza wavulana walidhani amekosea mlango. Mwalimu, Mzambia aliyeitwa Davies, alimuuliza kwa upole kama hangependa kuhamia upande wa cherehani.

"Kushona nilifundishwa na mama," Pierrette alimjibu. "Alikufa anashona, na alikufa maskini."

Davies hakumuuliza tena.

Kwao walikuwa wamebaki watatu: yeye, mdogo wake Chouchou, na baba yao Constantin. Walivuka mpaka kutoka upande wa Pweto, Kongo, pamoja na maelfu ya wengine, vita vilipofika hadi vijijini. Kule Constantin alikuwa na mashine ya kusaga, na watoto wake walikua wakisikia mngurumo wake tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Pierrette alipokuwa mdogo alizoea kulala mchana juu ya magunia kando ya mashine, na iliponyamaza ndipo alipoamka. Mashine ilichomwa pamoja na nyumba. Huku Zambia Constantin alipewa kipande cha shamba kama wengine, akalima muhogo, na habari za mashine akaziacha. Binti yake alipomwambia kwamba anataka kujifunza injini, aliendelea kumenya muhogo mpaka ukaisha.

"Bon, haya," alisema. "Kama unaweza, jifunze. Lakini usinitie matumaini miye."

Masomo yalifanyika ndani ya kontena la chuma ambalo jua lilipopanda halikukalika. Injini ilikuwa moja tu. Waliifungua, wakaifunga, wakaifungua tena, mpaka nati zake zikaisha meno na kuzunguka bure. Davies alijua kwamba kwa injini ile hakuna atakayekuwa fundi, na mwisho wa masomo aliwaambia waziwazi. Hapa mmejifunza majina ya vitu, alisema. Kazi yenyewe mtaijulia kwa fundi, mkono wako ukiwa karibu na mkono wake. Asiyepata fundi, mwaka ujao atakuwa amesahau hata majina.

Wavulana wengi hawakupata. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa, na ruhusa huombwa, husubiriwa, halafu muda wake ukiisha huombwa upya. Mafundi wa mjini hawakutaka mwanafunzi ambaye leo yupo na kesho amezuiwa barabarani. Pierrette alipata kwa sababu Davies alikuwa na rafiki wa zamani kule Kashikishi, mji wa kando ya ziwa, fundi wa moteri za boti, na alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali.

Fundi huyo aliitwa Fanwell. Karakana yake ilikuwa paa la bati juu ya nguzo, karibu kabisa na ufuo wa ziwa, mahali ambapo harufu ya petroli ilichanganyika na harufu ya chisense, wale dagaa wa ziwa hilo la Mweru wanaoanikwa mchangani. Katikati palikuwa na pipa la maji. Moteri iliyokwisha kutengenezwa ilifungwa kwenye ubao mdomoni mwa pipa na kuwashwa humo, isikilizwe kwanza kabla ya kwenda ziwani. Fanwell alikuwa mtu wa palepale na lugha yake ilikuwa Kibemba, lakini wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili chao kilimkaa mdomoni bila shida.

Alimtazama Pierrette kutoka kichwani hadi miguuni.

"Davies hakunieleza kama iko mwanamuke."

"Angekueleza, Ba Fanwell, ungekubali?" Pierrette aliuliza, akitanguliza "Ba" ya heshima kama Wabemba.

"Awe," alisema Fanwell. Asingekubali. Alimpa brashi na kopo la petroli, akamwonyesha rundo la vipuri vilivyokuwa vyeusi kwa uchafu. "Osha."

Aliosha. Miezi ya mwanzo hakufanya kingine. Ngozi ya vidole vyake ikakauka na kupasuka, na chumvi ya chakula ikawa inamchoma. Baadaye aliruhusiwa kushika spana, kisha kufungua buji, zile plagi za kuwashia injini, na kuzisafisha, kisha kukaa karibu na pipa wakati moteri inajaribiwa. Fanwell hakuwa mwalimu wa maneno. Alichukua mkono wa Pierrette, akauweka juu ya moteri inayonguruma, akamuuliza, "Unasikia?" Kama hakusikia, alizima, akawasha tena. "Unasikia sasa?" Siku moja alisikia. Chini ya mngurumo palikuwa na sauti nyingine nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, na kabla Fanwell hajasema lolote alimwambia kwamba pampu ya maji imechoka. Fanwell aliifungua pampu. Mpira wake ulikuwa umekatikakatika. Hakumsifu, lakini mchana ule alisogeza sahani yake ya bukari, ule ugali wa muhogo, katikati ili wale pamoja.

Pierrette alilala kwa Mama Emilienne, mwanamke wa Kongo aliyenunua chisense kutoka kwa wavuvi, akawakausha samaki hao na kuwapeleka kwenye malori kwa magunia. Emilienne alimpokea kwa kuwa walitoka upande mmoja wa ziwa, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kimya mno. Mume alikwisha kufa. Mtoto alikuwa mmoja tu, Willy, kijana aliyeendesha boti ya mfanyabiashara aliyeitwa Blanchard. Alipeleka sabuni, sukari na unga ng'ambo ya Kongo, akarudi na samaki na mafuta ya mawese. Willy alipenda utani. Alimwita Pierrette "Fundi Mukubwa" mbele za watu, tena kwa sauti, na ingawa alisema kwa kucheka, wakati huo hakuna mwingine aliyemwita fundi.

"Fundi Mukubwa, moteri yangu inakohoa."

"Moteri ya Papa Blanchard njo inakohoa. Weye hauna moteri."

"Nitanunua. Na weye utaitengeneza bure."

"Bure hapana."

Mama Emilienne aliwasikiliza huku akichagua samaki kwenye ungo, akitabasamu peke yake. Huenda alikuwa na mawazo yake juu ya vijana hawa wawili. Hakuyasema, na Pierrette hakuyauliza.

Ulipofika mwezi wa kumi na moja, mvua zilikuwa zimeanza, na ziwa lilikuwa karibu kufungwa kwa uvuvi kama linavyofungwa kila mwaka. Kila mwenye boti alikuwa na haraka. Blanchard alileta moteri yake ikiwa imepata moto mpaka rangi ya kifuniko imebadilika. Alikuta Fanwell amelala chini ya moteri nyingine, mikono yake imejaa grisi.

"Hii itafanywa na Pierrette," Fanwell alisema bila kuinuka.

"Ule mutoto wa kambi?"

"Miye niko hapa, mukwai. Nitaangalia kila kitu," Fanwell alimjibu, akimwita bwana kwa Kibemba.

Ilikuwa moteri ya kwanza kuachiwa mikononi mwake toka mwanzo hadi mwisho. Alibadilisha mpira wa pampu. Alisafisha kabureta, akavipuliza vitundu vyake kimoja kimoja, akaweka buji mpya. Alipofunga nati ya mwisho, aliipandisha kwenye pipa pamoja na kijana mmoja aliyekuwa akipita, akaiwasha. Iliwaka kwa kuvuta kamba mara moja. Aliiacha ingurume mchana kutwa, akiwa amekaa kwenye kigogo kando yake, akiisikiliza. Jioni Fanwell alikuja, akafuta kiganja chake kwenye suruali, akakiweka juu ya kichwa cha moteri na kufumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Iende," alisema.

Siku hiyo Mama Emilienne alipika samaki mkubwa aina ya mpale kwa nyanya na kitunguu, akamwekea Pierrette upande wa kichwa, ule ambao nyumbani hupewa mtu mzima. Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati kwa nguvu hata wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Willy alisema kwamba atawaambia wote wa ng'ambo ni nani aliyeitengeneza moteri ile.

Asubuhi Willy alikuja karakanani na dumu la petroli. Lilikuwa dumu la Blanchard, lililokaa nje ya ghala lake, kifuniko chake kilipotea zamani na mahali pake palifungwa mfuko wa plastiki. Pierrette alimpa faneli iliyokuwa na kitambaa ndani yake.

"Chuja kwanza, Willy. Mvua imenyesha."

"Nitachuja."

"Chuja hapa, nione."

"Papa Blanchard iko analalamika kule chini. Batu bamekwisha kupanda boti." Alicheka. "Usiogope, Fundi Mukubwa."

Wakati huo huo mteja mwingine alimwita Pierrette aje kushika waya, naye akageuka kwenda. Aliporudi, Willy alikuwa amekwisha kujaza tangi la boti na kushuka nalo ufuoni. Dumu lenye petroli iliyobaki lilikuwa limeegemezwa kwenye nguzo ya nje. Faneli ilikuwa juu yake. Pierrette alikishika kitambaa. Kilikuwa kikavu.

Alitoka akaenda hadi mahali mchanga unapoanza. Boti ilikuwa imekwisha kuondoka, na moteri ilikuwa ikilia vizuri, sauti moja iliyonyooka, bila kukohoa. Alisimama akiisikiliza mpaka ikapotea. Kisha akarudi kazini.

Habari zilifika kesho yake mchana. Upepo uliwakuta mbali, ambako nchi kavu haionekani vizuri. Boti ilikuwa na shehena nzito na abiria juu ya shehena. Moteri ilikohoa, ikazima. Willy alivuta kamba, akavuta, na wakati anavuta boti ikageuka ubavu kwa mawimbi. Wavuvi waliwaokota wachache waliokuwa wameshikilia madumu matupu yaliyokuwa yakipelekwa kujazwa mawese. Mmoja wao, mwanamke muuza mawese, ndiye aliyesimulia yote haya akiwa amekaa kwenye mkeka kwa Mama Emilienne, nguo za kuazimwa zikiwa mwilini mwake, na wanawake wa mtaa wakiwa wamejaa mpaka nje. Mwisho aliongeza, bila ubaya wowote, kwamba kabla ya kuondoka Willy aliwaambia abiria wasiwe na wasiwasi, moteri imetengenezwa upya, na aliyeitengeneza ni msichana wa Mantapala.

Wanawake wote wakageuka kumtazama Pierrette.

Mwili wa Willy ulikuwa haujapatikana. Mama Emilienne alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kitenge kimeanguka begani. Hakuwa akilia tena.

"Ile moteri," alisema, "ulitengeneza muzuri?"

"Ndiyo, mama. Ba Fanwell aliiangalia."

"Sasa juu ya nini ilizima?"

Pierrette alifungua mdomo. Aliliona dumu, aliuona mfuko wa plastiki, alikumbuka kitambaa kikavu kati ya vidole vyake. Aliwaona pia wale wanawake wakisubiri, na mama wa Willy katikati yao.

"Sijui, mama."

Wavuvi wa Puta, upande wa Chienge, walimpata Willy kwenye nyavu zao baada ya siku kadhaa, na alizikwa Kashikishi. Boti iliburutwa ikiwa imepinduka, moteri bado imefungwa nyuma yake. Walipoileta kwa Fanwell, aliifungua kila sehemu. Pampu ilikuwa nzima, buji zilikuwa nzima. Tangini mlikuwa na maji mengi, lakini boti ilikuwa imelala ziwani siku zote zile, nani angeshangaa? Ndipo alipolikumbuka dumu. Alichukua chupa nyeupe, akamimina petroli iliyobaki, akaiweka juu ya meza ya kazi. Yeye na Pierrette walisubiri, macho kwenye chupa. Taratibu petroli ikapanda juu, na chini yake kikajitenga kitu kingine kisicho na rangi. Kilifika karibu nusu ya chupa.

"Nani alimimina?" Fanwell aliuliza.

"Willy."

"Alichuja?"

"Nilimupa faneli. Aliiacha hapa."

Fanwell alikaa chini. Alionekana kama mtu aliyetua gunia. "Basi si weye. Na si miye. Twende tumuonyeshe mama yake."

"Hapana, Ba Fanwell."

"Juu ya nini?"

"Atajua kama mutoto wake njo aliua bale batu. Amebakiwa na nini sasa? Jina lake tu."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Itamusaidia na nini?"

Fanwell aliifunga chupa kwa kizibo. Alimkubalia kuhusu Emilienne, ila alisema Blanchard lazima ajue. Blanchard alikuja siku iliyofuata. Alikuwa amekonda. Alikuwa amepoteza boti, mali na kijana aliyemlea kazini, na ndugu za waliokufa walikuwa wakija kwake kila asubuhi. Fanwell alimwonyesha chupa. Blanchard aliitazama, akaitikisa, akairudisha mezani.

"Lile dumu limekaa inje toka siku ile," alisema. "Mvua imenyesha kila siku. Utanionyesha maji gani iliingia mbele na gani iliingia nyuma?"

"Blanchard, miye niliweka mukono juu ya ile moteri. Ilikuwa muzima."

"Uliweka mukono. Kazi ilifanya yeye." Hakumtazama Pierrette aliyekuwa amesimama palepale. "Siwezi kuleta tena kitu hapa kama ule mutoto iko. Na batu wengine banasema vile vile. Si miye peke yangu."

Alisema kweli. Wiki zilizofuata watu walikuja na moteri zao begani, wakamwona Pierrette chini ya bati, wakauliza jambo lisilo na maana, wakaondoka. Wengine walimwambia Fanwell kwa Kibemba, wakidhani msichana hasikii, kwamba mikono ya yule ina mkosi. Abiria nao walianza kuuliza kabla ya kupanda boti: hii ilipita kwa nani? Fanwell alimficha nyuma, akampa vipuri vya kuosha kama zamani. Haikusaidia. Pipa la maji lilikaa bila moteri mpaka mbu wakazaliana ndani yake.

Siku Fanwell alipomwita, Pierrette alimkuta anapangusa meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Sikiliza, Pierrette. Miye najua. Lakini miye peke yangu njo najua."

"Na miye najua."

"Weye hawakuhesabu." Alisema hivyo kwa huzuni, si kwa kumdharau. "Niko na watoto mu nyumba. Siwezi."

"Nimesikia, Ba Fanwell."

"Nitaongea na Davies. Nitamwambia unajua kazi."

"Asante, mukwai."

Alifungua sanduku la vifaa, akatoa spana, akaigeuzageuza mkononi kana kwamba anataka kumpa. Kisha akairudisha, maana ya ukubwa ule alikuwa nayo moja tu. Pierrette alimwona, akajifanya kuangalia ziwa.

Kwa Mama Emilienne hakufukuzwa. Tangu msiba alikuwa akikuta sahani yake imefunikwa, chakula kimo, lakini hakuna aliyemkaribisha. Alisalimu, aliitikiwa, basi. Kisha dada yake Emilienne akaja kutoka ng'ambo kumliwaza, na mkeka wa Pierrette ukahitajika. Aliaga asubuhi. Emilienne alikuwa mchangani akigeuza akiba yake ya chisense kwa ufagio, mgongo wake umeelekea nyumba. Pierrette alisema, "Mama, naenda." Emilienne aliendelea kufagia. Huenda upepo ulibeba sauti. Pierrette hakurudia.

Mantapala alikuta kontena la mafunzo limegeuzwa ghala la mbegu. Mradi ulikuwa umekwisha, na Davies alikwisha kuhamishiwa mkoa wa mbali. Namba yake ya simu haikuwa ikipatikana. Washonaji na maseremala walikuwa wamepewa vyeti vyao kwenye sherehe, wakapigwa picha. Pierrette alienda biro, ofisi ya kambi, kuuliza, akajibiwa na kijana mpya asiyejua habari za injini kwamba wasiomaliza mazoezi kwa fundi hawana cheti. Alipouliza kama anaweza kuanza upya mradi mwingine ukija, aliambiwa kwamba aliyekwisha kufundishwa mara moja huwaachia nafasi wengine.

Akarudi shambani. Constantin hakumuuliza kitu. Mambo ya ziwani yalikuwa yamefika kambini kabla yake, yakiwa makubwa zaidi: boti zimekuwa mbili, na msichana alikuwa amesahau kufunga moteri yenyewe.

Hata hivyo baba yake alijaribu mara moja. Kulikuwa na mtu kambini aliyenunua mashine ndogo ya kusaga ya dizeli, nayo ilikuwa ikizima kila mara. Constantin alikwenda kwake mwenyewe, mzee asiyependa kuomba, akamwambia kwamba binti yake anajua. Mwenye mashine alikubali kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine. Pierrette alifika, akaweka kiganja juu ya injini, na mara moja akajua tatizo: chujio la dizeli lilikuwa limeziba. Kazi ya muda mfupi. Alilitoa, akaliosha, akalirudisha. Kisha ikabaki kumimina dizeli.

Aliichuja kwa kitambaa. Akaiweka kwenye chupa, akaiinua juani, akaitazama. Ilikuwa safi. Akaichuja tena. Wanawake wenye magunia walikuwa wamepanga mstari, wakaanza kunung'unika. Alichukua chupa nyingine, akaichuja mara nyingine tena, akasubiri ijitenge, haikujitenga, na bado mikono yake haikukubali kumimina. Alimtazama baba yake. Constantin alimtikisia kichwa kwamba amimine. Alisogeza chupa hadi kwenye mdomo wa tangi, akairudisha.

"Leta," alisema mwenye mashine. Aliinyakua chupa, akamimina mwenyewe, akazungusha mkono wa kuwashia. Mashine iliwaka, ikanguruma sawasawa. Wanawake wakasogea na magunia yao. Mwenye mashine akaanza kusaga, na tangu siku ile hakumwita Pierrette tena.

Njiani kurudi nyumbani Constantin alisema tu, "Kesho tutaenda kupalilia." Pierrette akaitikia.

Walipalilia. Muhogo wa mwaka ule ulipata ugonjwa wa majani, ukatoa mizizi myembamba. Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye wake wawili aliyekuja kumposa, na Constantin hakumfukuza papo hapo kama alivyowafukuza wengine zamani, alimwambia atafikiri.

Ziwa lilipokwisha kufunguliwa tena, wafanyabiashara wa samaki walianza kuingia kambini siku za soko. Pierrette alikwenda na Chouchou kununua chisense. Katikati ya wauzaji, nyuma ya turubai la bluu, alikaa Mama Emilienne.

Chouchou hakumjua. Alichuchumaa mbele yake, akaanza kuchambua samaki kwa vidole. Pierrette alibaki amesimama. Emilienne aliinua macho, akamwona, akayashusha, akachukua kopo la kupimia. Alilijaza kama anavyomjazia mtu yeyote, akafuta juu kwa kiganja, akamimina kwenye mfuko.

"Mama, habari ya siku mingi," alisema Pierrette.

"Salama."

Alipokea malipo. Mteja mwingine alikuwa akisubiri, lakini Emilienne hakumtazama. Alikuwa akikunja na kukunjua mdomo wa gunia.

"Siko nakuja kukugombeza," alisema polepole. "Willy alikupenda, na miye nilikupenda. Kila siku najiuliza kitu moja tu. Weye ulikuwa fundi. Unaweza kunieleza tu, ile moteri ilikosa nini. Ilikuwa nini? Nikisha kujua, nitalala."

Ilikuwa karibu na ulimi. Pierrette alihisi maneno yote yakiwa tayari, mafupi, rahisi. Dumu halikuwa na kifuniko, mama. Nilimwambia achuje. Alimtazama Emilienne usoni, akaona jinsi alivyozeeka, akaona pia kwamba juu ya turubai, chini ya jiwe ili isipeperuke, ameweka picha ndogo ya mwanawe mbele ya samaki zake, kama watu wanavyofanya ili wateja waulize na wapate kumzungumzia.

"Sijui, mama," alisema.

Emilienne aliuachia mdomo wa gunia. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyetembea njia ndefu akakuta mlango umefungwa.

"Basi haukukuwa unajua kazi," alisema. "Bangekuacha tu ushone."

Akamgeukia mteja mwingine.

Pierrette aliuchukua mfuko wa samaki. Chouchou alimuuliza yule mama ni nani, naye akasema ni mtu wa Kashikishi, alikaa kwake zamani. Walitoka sokoni kupitia upande wa kisima, ambako foleni ya maji ilikuwa fupi, wakajaza ndoo yao, wakaibeba kwa zamu mpaka nyumbani.